Baada ya Wanyama, Tujifunze Kuchora Nyuso

Ukiingia katika nyumba nyingi hapa Nkunga, wilayani Rungwe, utapokelewa na mnyama kabla hujapokelewa na mwenyeji. Juu ya kochi kuna kitambaa chenye tausi. Mezani wapo swala wawili wanaotazamana. Ukutani yupo simba, na pembeni yake sungura. Vitambaa hivyo tumevichora na kuvidarizi sisi wenyewe, akina mama, jioni baada ya kazi za shamba, wakati mvua ya huku kwetu inanyesha na hakuna pa kwenda. Wengine wetu tumechora wanyama kwa zaidi ya miaka ishirini. Tumewachorea watoto wa shule ya Jumapili safina ya Nuhu na wanyama wake wote, wawili wawili. Nuhu mwenyewe huwa tunamchora akiwa ametupa mgongo.

Sababu yake unaijua, mama mwenzetu, kama umewahi kushika penseli. Uso wa mtu unatisha. Tembo akiwa na sikio kubwa kupita kiasi bado ni tembo. Jicho la mtu likikaa vibaya kidogo tu, tayari umechora mgonjwa, au mlevi, au mtu usiyemjua kabisa. Kwa hiyo tunarudi kwa swala wetu.

Katika makala hii tunataka kukushawishi usirudi. Kuchora nyuso ni kazi inayofundishika, na kwa sisi tulio na familia ina faida ambayo kitambaa cha tausi hakiwezi kuileta.

KWA NINI MNYAMA NI RAHISI

Hatuko peke yetu katika kupenda kuchora wanyama. Nchi yetu inajulikana duniani kwa picha za wanyama. Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa mwaka 1932 wilayani Tunduru, alianza kuchora picha zake mjini Dar es Salaam mwaka 1968, akitumia hadibodi na rangi ya kung'aa ya kupakia baiskeli. Mkewe, Agatha, alizipeleka kuziuza nje ya duka la Morogoro Stores, Oysterbay. Tingatinga alifariki mwaka 1972, lakini vijana aliowafundisha waliendelea, na mwaka 1990 wachoraji wa mtindo huo wakaunda chama chao cha ushirika. Chui, twiga, nyati na ndege wao wamefika Ulaya, Marekani na Japani. Tingatinga mwenyewe alichora watu pia, na waliomfuata wamechora soko, kijiji na hospitali zilizojaa watu. Hata hivyo, mtu anaposikia jina la Tingatinga, kinachomjia kwanza ni mnyama.

Tukirudi nyuma zaidi, kuna michoro ya miambani kule Kolo, Kondoa, ambayo UNESCO iliiweka katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006. Wazee wa kale walichora pale twiga, tembo na pofu kwa rangi nyekundu, na ukimtazama mnyama unamtambua mara moja. Watu nao wamo, warefu na wembamba, lakini mara nyingi vichwa vyao havina macho, pua wala mdomo. Mikono iliyoweza kumchora pofu vizuri namna ile iliuacha uso wa mtu wazi.

Tofauti iko wapi? Ukichora twiga, hakuna atakayekuuliza ni twiga yupi. Ana shingo ndefu, ana madoa, imetosha. Ukichora mwanamke, swali la kwanza la kila mtu ni hili: huyu ni nani? Mnyama tunamchora kama aina. Mtu hatumkubali kama aina. Tunataka awe yeye.

Lakini tusijidharau. Hapa kwetu ng'ombe ni mali na ni heshima, na mtoto aliyechunga anamjua kila ng'ombe wa baba yake. Atakuambia huyu ana pembe iliyopinda, yule ana paji jeupe, na yule mwingine akikutazama huinamisha kichwa upande. Mtoto huyo anaona uso wa mmoja, haoni ng'ombe tu. Jicho la namna hiyo ndilo linalohitajika, na tayari tunalo. Kilichobaki ni kuligeuza limtazame mtu.

SIKU TULIYOTAKIWA USO

Miaka michache iliyopita mwenzetu mmoja alifiwa na mama yake. Marehemu alikuwa mwanamke wa watu, amelea watoto wake na wa wengine. Ilipofika wakati wa kutafuta picha ya kuweka mbele ya jeneza, ikapatikana moja tu, ile ndogo ya kitambulisho cha mpiga kura. Ilipokuzwa studio ikawa ukungu mtupu. Picha nyingine zilikuwa kwenye simu ya mjukuu, na simu hiyo ilikuwa imeibwa stendi.

Baada ya mazishi binti yake alitujia. Alijua kwamba tunachora. Aliomba tumchoree mama yake, hata kwa penseli tu. Tuliketi, tukachukua karatasi. Ndipo yakaanza maswali. Nyusi zake zilikuwa zinakutana au hazikutani? Mwanya ulikuwa juu au chini? Binti mmoja akasema macho ya mama yalikuwa makubwa, mwingine akasema yalikuwa madogo ila yaliingia ndani. Sisi tuliokaa naye vikao na misiba kwa miaka thelathini tuliweza kueleza kanga zake, sauti yake na mwendo wake. Uso wake tuliujua tukiuona, lakini kuutoa kichwani na kuuweka kwenye karatasi hatukuweza.

Tuliamua kumtafuta kwa walio hai. Binti mkubwa alikuwa na kidevu chake, kila mtu alikubali. Mjukuu wa darasa la nne alikuwa na paji lake. Tuliwakalisha wote wawili karibu na mlango na kuchora tulichokiona. Tulichopata hakikuwa marehemu. Tulipata picha ya binti na picha ya mjukuu, na familia imezihifadhi mpaka leo. Tangu siku hiyo tukaanza kujifunza nyuso kwa dhati, na tukaanza na wazee ambao bado wapo.

MTOTO HUANZA NA USO

Akina mama tuna sababu ya pekee ya kujali jambo hili. Mtoto mchanga haoni mbali. Anaona vizuri zaidi kitu kilicho umbali wa kama sentimita 20 hadi 30, na huo karibu ndio umbali kati ya titi na uso wa mama anayenyonyesha. Kabla hajaijua dunia, kitabu chake cha kwanza ni uso wako.

Naye akipata kipande cha mkaa au kijiti cha kuchora mchangani, mara nyingi humchora mtu kabla ya mnyama. Mtoto wa miaka mitatu au minne huchora duara, akaweka macho mawili na mdomo, kisha miguu ikatoka moja kwa moja kichwani. Akina mama wengi hucheka na kumwambia mbona amesahau tumbo. Msimcheke. Watoto wa nchi nyingi huchora hivyo katika umri huo. Amechora kilicho muhimu kwake: uso, na miguu inayomleta mama. Woga wa kuchora watu hatukuzaliwa nao. Tumeupata baadaye, tulipoanza kuchekwa.

JINSI YA KUANZA

Vifaa havina gharama. Penseli laini moja, ufutio, karatasi na kioo kidogo vinatosha. Ukikosa penseli laini, chukua kipande chembamba cha mkaa wa jikoni usio na mawe. Karatasi ya bahasha za kaki ni nzuri sana, na tutaeleza sababu yake hapo chini.

Kwanza, chora umbo la yai, upande mwembamba ukiwa chini. Gawa yai hilo kwa mstari wa kulala katikati kabisa. Macho hukaa juu ya mstari huo. Wanaoanza karibu wote huyaweka juu mno, kwa kuwa tunasahau ukubwa wa paji na utosi. Pima mwenyewe kwenye kioo: weka penseli utosini mpaka jichoni, kisha jichoni mpaka kidevuni. Utakuta ni karibu sawa.

Pili, upana wa kichwa usawa wa macho ni kama macho matano. Kati ya jicho na jicho pana nafasi ya jicho moja.

Tatu, chini ya pua huwa karibu nusu ya njia kutoka machoni hadi kidevuni. Mstari wa kati wa mdomo uko karibu theluthi moja ya njia kutoka puani kwenda kidevuni. Masikio huanzia usawa wa nyusi na kuishia usawa wa chini ya pua.

Nne, mtoto si mtu mzima aliyepunguzwa. Paji lake ni kubwa, na macho, pua na mdomo vimeshuka chini ya mstari wa katikati. Ukiweka macho ya mtoto katikati utapata mzee mdogo.

Vipimo hivi ni ngazi tu ya kupandia. Vitabu vingi vya kuchora viliandikwa kwa kutazama watu wa Ulaya, navyo hufundisha kwamba mabawa ya pua hayapiti pembe za ndani za macho. Nyingi ya pua zetu hupita. Ukifuata kitabu utamchora jirani yako mwenye pua ya mgeni. Pima pua iliyo mbele yako.

Lipo pia zoezi moja linalosaidia sana. Chukua picha ya mtu, igeuze kichwa chini miguu juu, kisha uinakili hivyo hivyo. Uso uliopinduliwa akili haiutambui kwa urahisi, kwa hiyo unalazimika kufuata mistari kama ilivyo badala ya kuchora jicho unalodhani unalijua. Ukimaliza, geuza karatasi yako. Wengi wetu tulishangaa.

MACHO NA NGOZI

Aliyezoea kuchora wanyama hukwama machoni, na kuna sababu. Kwa wanyama wengi weupe wa jicho umefichika, unaona rangi moja ya giza. Mboni ya mbuzi imelala, ya paka imesimama, na ukiziweka hivyo umemaliza. Mtu ana weupe unaoonekana pande zote mbili za mboni, na weupe huo ndio unaotuambia anatazama wapi. Mama anajua mtoto anadanganya kwa kuona tu macho yalikokimbilia. Basi weka mboni zote mbili zitazame mahali pamoja. Usiache weupe uwe mweupe kama karatasi, kwa sababu kope la juu huutupia kivuli. Mwisho acha tone dogo la mwanga juu ya mboni. Bila tone hilo jicho huonekana limekufa.

Kuhusu ngozi, wengi hufikiri kumchora mtu mweusi ni kujaza penseli uso mzima mpaka uwe mweusi sawasawa. Ukifanya hivyo uso unapotea. Mkalishe mtu karibu na mlango au dirisha ili mwanga utoke upande mmoja, kisha tazama mng'ao unapokaa: kwenye paji, kwenye mfupa wa shavu, kwenye ncha ya pua, kwenye mdomo wa chini. Hapo ndipo karatasi ya kaki inaposaidia. Rangi yake yenyewe inakuwa ngozi. Mkaa unaweka vivuli, na chaki nyeupe kidogo tu inaweka mng'ao.

Uso wetu unastahili kuchorwa kama ulivyo, hata mahali patakatifu. Mwaka 1959 Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu aliyesomea sanaa Makerere, alichora ukutani katika kanisa la Murang'a nchini Kenya maisha ya Yesu, tangu kuzaliwa hadi kusulubiwa. Watu wote wa picha zile ni Waafrika, na nchi inayowazunguka ni ya huku kwetu. Ni Njau huyohuyo ambaye mwaka 1965 alishiriki kuanzisha nyumba ya sanaa jijini Nairobi na kuipa jina la mnyama: Paa ya Paa. Hakuona sababu ya kumwacha mnyama ili amchore mtu. Nasi hatutawaacha swala wetu.

ADABU YA KUMTAZAMA MTU

Kumtazama mtu usoni kwa nusu saa si jambo dogo katika mila zetu. Kwa Wanyakyusa, mkamwana alitakiwa kumwepuka baba mkwe wake. Hakumtazama usoni, hakulitaja jina lake. Mila hiyo hata pale ilipolegea imeacha heshima yake, na mchoraji asiyeijua ataleta ugomvi ndani ya nyumba. Ushauri wetu ni huu: baba mkwe achorwe na wajukuu. Babu na mjukuu wana utani wao, na mtoto anaruhusiwa kukodoa macho mahali ambapo mama yake anainamisha yake. Wewe mfundishe mtoto vipimo vile vinne, mpe penseli, kisha kaa jikoni.

Kwa wengine wote, omba ruhusa kwanza. Usimchore mtu aliyelala wala mgonjwa bila kumwuliza. Usifanye mzaha na kovu, jino lililotoka au jicho lililopofuka. Mwulize mwenyewe kama angependa lionekane. Bibi mmoja tuliyemchora alisisitiza tusiache hata mkunjo mmoja, akisema kila mmoja ameulipia.

Pengo kubwa tuliloliona liko kwa akina mama wenyewe. Ukimwomba mama akae achorwe, jibu lake la kwanza ni kwamba hajapendeza, au ana kazi, au uchorwe uso wa mtoto. Mwenzetu mmoja alikubali baada ya kubembelezwa. Alipokwisha kukaa dakika ishirini alisema kwamba tangu aolewe hakuna mtu aliyewahi kumtazama muda mrefu namna ile bila kutaka kitu kutoka kwake. Alisema bila huzuni, kama anayetoa taarifa. Kila mmoja wetu alikwenda nyumbani na neno hilo.

Kilicho karibu ndicho tunachokipita. Katika msitu wa mlima Rungwe, ambao tunauona kila mawingu yanapofunguka, anaishi kima mwenye uso mweusi na nywele zilizosimama utosini. Wawindaji wa huku walimjua kwa jina la kipunji. Wanasayansi walimwona mwaka 2003, na mwaka 2005 ndipo alipotangazwa kwa dunia kuwa aina mpya. Alikuwepo siku zote. Nyumbani mwetu pia wapo watu ambao tunawapa chakula, tunawafulia na kuwaombea, na hatujatulia kuwatazama.

ANZA NA NANI?

Anza na aliye mzee kuliko wote nyumbani. Watoto watakuwepo kesho, yeye hatujui. Mkalishe mahali penye mwanga, mpe chai, msimulishe habari za zamani, kwa kuwa uso wa mtu anayesimulia haugandi. Usichore zaidi ya dakika ishirini bila kumpumzisha. Picha ya kwanza haitafanana naye. Ya tano itakuwa na kitu chake kimoja, labda nyusi, labda namna anavyobana midomo. Shika kitu hicho, uendelee.

Usimwonyeshe kila mtu kazi ya mwanzo. Mume akicheka, msimlaumu. Mpe penseli ajaribu yeye.

Nyuma ya kila mchoro andika jina kamili la aliyechorwa, jina la mchoraji, tarehe na mahali. Jina bila uso limejaa katika Biblia nyingi za familia, na uso bila jina umejaa katika albamu. Kama umetumia mkaa, funika kwa karatasi nyingine safi ili usifutike, na uweke kati ya vipande viwili vya boksi gumu. Usiutundike jikoni wala karibu na moshi. Ukiweza kuupiga picha kwa simu, fanya hivyo, halafu mtumie ndugu aliye mbali ili uwepo mahali pawili.

Kisha, mtakapokuwa na muda, mrudieni Nuhu. Sisi tayari tumemgeuza. Kwenye safina ya mwaka huu anatutazama, ana nyusi zinazokutana, na watoto wa shule ya Jumapili wamekwisha kumtambua. Wanasema ni babu wa jirani anayefuga nyuki.